Kupima dozi ya ngozi wakati wa brakitherapi ya titi: hatua kwa hatua

Kila kundi jipya la wanafunzi wa fizikia ya tiba likiingia kwetu hapa Nairobi, maswali huwa ni yale yale. Nitumie filamu (inayokolea rangi ikipigwa mionzi) au TLD (kidonge kinachotunza dozi na kuitoa kama mwanga kikipashwa moto)? Niibandike wapi hasa? Mbona kompyuta inasema hivi na kipimo changu kinasema vile? Nimeyajibu kwenye korido, kwenye WhatsApp, na hata kwenye foleni ya matatu jioni. Leo nayaandika mahali pamoja.

Naandika kwa ajili yako wewe unayejua tayari kuendesha mashine ya brakitherapi (tiba ya mionzi ambayo chanzo huingizwa ndani ya mwili, karibu na sehemu inayotibiwa) lakini hujawahi kuweka kipimo juu ya ngozi ya mgonjwa wa titi. Wengi wetu tumelelewa na brakitherapi ya mlango wa kizazi, ambako kiungo cha kuchungwa ni kibofu na rektamu. Kwenye titi, cha kuchungwa ni ngozi, na ngozi mama anaiona kila anapooga. Ikibabuka leo itapona, lakini miaka michache baadaye inaweza kubaki na vishipa vyekundu vilivyotawanyika au kovu gumu lisilolainika. Yeye ndiye atakayeishi nalo.

Shika jambo moja kabla hujashika kibano: kipimo cha ngozi ni kipimo cha mahali. Makosa mengi niliyoyaona, yangu na ya wengine, hayakutoka kwenye skana wala kwenye hesabu. Yalitoka kwenye ubandikaji.

Vitu vya kuandaa

Viandae siku mbili kabla, si asubuhi ya tiba mama akiwa ameshavua nguo.

- Filamu ya Gafchromic EBT3 au EBT4, yote ya toleo moja. Angalia nambari kwenye pakiti.
- Vidonge vya TLD-100 (lithiamu floraidi), kila kimoja na nambari yake na namba yake ya masahihisho.
- Skana bapa ya rangi inayokuruhusu kuzima marekebisho yote ya rangi, kisomaji cha TLD, na tanuri lake.
- Kibano cha plastiki, glavu zisizo na poda, bahasha isiyopitisha mwanga, karatasi nyembamba ya plastiki ya kufungia.
- Plasta ya karatasi, maka ya ngozi, plasta angavu ya kufunika alama, na vialama vidogo vinavyoonekana kwenye CT.
- Barometa na themometa zinazokaa ndani ya chumba chenyewe.
- Ripoti ya mpango wa tiba, cheti cha chanzo, na fomu ya kurekodi.
- Idhini ya mama. Kama hospitali yenu ina fomu yake, ijazwe. Kama haina, mweleze na uandike kwenye faili kwamba alikubali.

Ukiulizwa uchague kimoja tu kati ya filamu na TLD, chagua filamu. Tabaka la ngozi linaloumia liko takriban mm 0.07 chini ya uso. EBT3 ina unene wa mm 0.28 hivi, na sehemu yake inayohisi mionzi iko katikati, yaani mm 0.14 juu ya ngozi. Kidonge cha TLD kina unene wa karibu mm 0.9, kwa hiyo kitovu chake kiko mm 0.45 juu ya ngozi. Zaidi ya hapo, filamu hukuonyesha ramani: ukiona upande mmoja umekolea kuliko mwingine, unajua dozi inapandia wapi. TLD hukupa namba moja tu. Mimi hutumia vyote viwili panapowezekana, filamu ikiwa shahidi mkuu na TLD ikiwa shahidi wa pili.

Nadharia, kidogo tu

Chanzo tunachotumia ni Iridiamu-192, nusu-maisha yake ni siku 73.8, na hupungua karibu asilimia 1 kila siku. Dozi hushuka kwa mraba wa umbali. Fanya hesabu hii mwenyewe mara moja, hutaisahau: ngozi ikiwa mm 10 kutoka kwa chanzo, ikisogea ikawa mm 9, dozi hupanda asilimia 23. Ikiwa mm 11, hushuka asilimia 17. Katheta (mirija inayopitisha chanzo ndani ya titi) zikiwa nyingi mteremko huo hulegea kidogo, kwa sababu vituo vya mbali ambako chanzo husimama navyo huchangia, lakini picha ni hiyo.

La pili. Programu ya kupanga tiba inayofuata kanuni ya hesabu iitwayo TG-43 huhesabu kana kwamba mwili wote ni maji na maji hayo hayana mwisho. Titi lina mwisho: ni ngozi, kisha hewa. Mionzi ambayo ingetawanyika na kurudi nyuma hairudi. Kwa hiyo dozi halisi ya ngozi huwa chini ya ile ya kompyuta kwa asilimia kadhaa. Kipimo kikiwa chini kidogo, tulia. Kikiwa juu, usitulie.

Hatua

1. Hakiki nguvu za chanzo, na uwe macho na kanieneo ya hewa.

Hapa ndipo Nairobi huwanasa wageni na wenyeji vilevile. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kanieneo halisi ya hewa hapa ni takriban hektopaskali 830, si 1,013. Chemba ya kisima unayopimia chanzo iko wazi kwa hewa, kwa hiyo lazima usahihishe. Kwa nyuzi 23 na hektopaskali 830, chemba iliyokalibrishwa kwa nyuzi 20 na hektopaskali 1,013.25 inahitaji usomaji wake uzidishwe kwa 1.233. Soma cheti chako, kwani maabara nyingine hutumia nyuzi 22.

Kosa nililoliona kwa macho yangu: kijana mmoja mwenye bidii alikuta barometa haina betri, akafungua simu, programu ya hali ya hewa ikamwambia 1,020. Akaiandika. Programu hizo hutoa kanieneo iliyorekebishwa hadi usawa wa bahari, kana kwamba uko Mombasa ufukweni. Chanzo kikaonekana dhaifu kwa asilimia 19. Namba hiyo ingeingia kwenye kompyuta ya mpango, muda wa tiba ungerefushwa kwa asilimia 23, na kila mgonjwa wa wiki ile angechomwa. Kilichotuokoa ni kulinganisha na cheti cha mtengenezaji. Ukipata tofauti inayopita asilimia 5, usitibu mtu yeyote mpaka ujue sababu. Na barometa ipeleke KEBS, shirika la viwango, kule South C ikalibrishwe, usingoje mpaka ianze kukutia shaka.

2. Kalibrisha filamu.

Kata vipande, andika nambari na mshale wa mwelekeo kwenye kona, kabla hujavipiga mionzi. Vipige dozi zinazojulikana kwenye linaki (mashine ya mionzi ya nje) ya MV 6 ndani ya fantomu, yaani kifano cha mwili, ya plastiki-maji: 0, 0.5, 1, 1.5, 2, 3, 4, 5 na Gy 6 (Gy ni grei, kizio cha dozi). Kwa mikupuo (awamu za dozi) ya kawaida ya titi ngozi hupata kati ya Gy 1 na 4, kwa hiyo pasongamanishe pointi zako hapo. Filamu hii haibadiliki sana kati ya nishati ya linaki na ya Iridiamu, ndiyo maana tunaweza kuazima linaki.

Subiri saa 24, kisha skani. Washa skana, ipashe moto kwa skani tano tupu, weka kipande katikati ya kioo, mshale uelekee upande uleule kila mara. Biti 48, nukta 72 kwa inchi, marekebisho ya rangi yote yazimwe, hifadhi kama TIFF. Ukigeuza kipande nyuzi 90, namba hubadilika kiasi cha kukupotosha kabisa. Hili si jambo la nidhamu ya maabara tu: filamu ina chembe ndefu zilizolala upande mmoja, na mwanga wa skana hupita tofauti.

Tengeneza mikunjo miwili ya kalibresheni, yaani grafu za kugeuza ukolevu wa filamu kuwa dozi: mmoja wa saa 24 na mmoja wa saa 2. Utaona sababu kwenye hatua ya 9.

3. Kalibrisha TLD.

Choma vidonge nyuzi 400 kwa saa 1, kisha nyuzi 100 kwa saa 2, vipoe kwa namna ileile kila mara. Ukivipoza haraka leo na polepole kesho, unyeti wake utabadilika. Vipige vyote dozi moja, upate namba ya masahihisho ya kila kimoja, na vinavyoyumbayumba uvitoe kwenye kundi.

Onyo ambalo wengi hulipuuza: kuanzia takriban Gy 1, TLD-100 huanza kutoa mwanga mwingi kuliko dozi inavyostahili. Ukikalibrisha kwa Gy 0.5 pekee kisha upime Gy 3 kwenye ngozi, utapata namba ya juu, utamtisha daktari, na kosa litakuwa lako. Kalibrisha hadi Gy 5.

4. Anza siku ya CT.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba nyingine zote. Kabla mama hajaingia kwenye CT ya mpango, bandika vialama vitatu au vinne juu ya ngozi: kimoja juu ya kitovu cha eneo lenye katheta, vingine kuelekea pale katheta zinapokaribia ngozi, na kimoja karibu na kovu la upasuaji. Chora duara kuzunguka kila kialama kwa maka. Piga picha ya titi na alama zake, ihifadhiwe kwenye mfumo wa hospitali, si kwenye simu yako. Pima kwa rula umbali kutoka kwenye chuchu na kutoka kwenye mfupa wa kifua, uandike. Kisha funika kila alama kwa plasta angavu.

Andika pia mkono ulikuwa wapi. Juu ya kichwa? Kiunoni? Titi ni laini, mkono ukishuka hubadilika umbo lote.

Nitakuambia kwa nini nasisitiza. Jumatatu moja, katika hospitali ambayo sitaitaja, alikuja mama wa miaka hamsini na kitu kutoka Kitengela. CT ilifanywa Ijumaa. Jumapili aliogea vizuri ajiandae kwa hospitali, kama mama yeyote mwenye heshima zake angefanya, na alama zikatoka. Hatukuwa tumezifunika. Saa mbili asubuhi nikasimama na rula nikikisia kwa macho. Mpango ulisema Gy 2.20 kwenye pointi ile, filamu ikasoma 1.52. Asilimia 31 pungufu. Tukasimamisha mkupuo wa mchana, tukamrudisha CT, daktari akapitia katheta moja moja. Katheta zote zilikuwa mahali pake. Filamu yangu ndiyo iliyokuwa sentimita moja pembeni. Mama alishinda njaa siku nzima akidhani saratani imesambaa, kwa sababu aliona watu wanne wakinong'ona mbele ya kompyuta. Plasta angavu ya shilingi chache ingezuia yote hayo.

5. Chagua pointi na uandike dozi unayoitarajia.

Kwenye kompyuta, tafuta mahali ngozi inapopata dozi kubwa kuliko kote. Hiyo ni pointi ya kwanza. Ya pili iwe karibu na kovu. Ya tatu iwe mahali dozi haipandi haraka, ambapo milimita moja haitakuangusha. Hii ya tatu ndiyo itakayokuambia kama mashine na chanzo viko sawa, hata kama nyingine zimetetereka.

Soma dozi pale kitovu cha kipimo kitakapokuwa, si kwenye uso wa ngozi: mm 0.14 juu kwa filamu, mm 0.45 kwa TLD. Katheta ikiwa mm 10 chini ya ngozi, hiyo mm 0.45 peke yake ni karibu asilimia 8. Andika namba hizo kwenye fomu, uweke tarehe na sahihi, kabla ya tiba. Ukizitafuta baada ya kusoma filamu, jicho lako litachagua pointi inayokubaliana na kipimo. Si kwamba wewe ni mwongo, ni jicho la binadamu tu.

Kuhusu kikomo cha ngozi, muulize daktari wa onkolojia anafuata kipi. Jaribio la Ulaya la GEC-ESTRO, lililotumia katheta nyingi na kutoa Gy 32 kwa mikupuo 8 kwa wagonjwa wengi, liliweka ngozi chini ya asilimia 70 ya dozi iliyoandikwa. Jaribio la Marekani la NSABP B-39 liliruhusu hadi asilimia 100 kwa katheta nyingi na hadi 145 kwa puto linaloingizwa kwenye tundu la upasuaji badala ya katheta nyingi. Tofauti hizo ni kubwa, na si kazi yako kuchagua.

6. Fungasha.

Kipande cha filamu cha sm 2 kwa 2, tabaka moja la plastiki nyembamba, basi. TLD mbili mbili kwa kila pointi, nazo kwenye plastiki. Futa plastiki kwa spiriti, si filamu, maana spiriti huingia kingoni na kuitia doa. Usishike kidonge kwa vidole, mafuta ya mkono huungua kwenye kisomaji na kutoa mwanga wa uongo. Acha kipande kimoja cha filamu na vidonge viwili nje ya chumba, visipigwe. Hivyo ni vya kulinganishia.

Hesabu ulivyofungasha. Andika idadi.

7. Zungumza na mama, kisha bandika.

Usimfikie mtu aliyelala kifua wazi ukaanza kumbandika vitu bila neno. Mimi husema hivi: "Mama, habari ya asubuhi. Hivi vikaratasi vinapima mionzi inayofika kwenye ngozi yako. Haviumi, havina dawa, na havitoi mionzi. Tukimaliza nitavitoa." Wengi huuliza, "Kwani mashine haijui?" Jibu la kweli ni kwamba mashine inajua, na sisi tunahakikisha. Awepo muuguzi wa kike au ndugu yake kama anapenda, na sehemu isiyohitajika ifunikwe kwa leso yake.

Mwombe asubuhi hiyo asijipake mafuta kifuani. Plasta haishiki juu ya Vaseline, utaikuta filamu imeteleza hadi kwapani.

Mrudishe kwenye mkao wa CT hasa, mkono ulivyokuwa, mto uleule. Bandika katikati ya duara, plasta ikishika kingo za plastiki tu. Filamu na TLD zikae ubavu kwa ubavu, zisipandane. Usibandike juu ya tundu la katheta, juu ya kidonda wala ngozi iliyoanza kubabuka. Sukuma kwa kidole taratibu uhakikishe hakuna hewa chini yake: filamu ikivimba mm 1 juu ya ngozi, umeshapoteza zaidi ya asilimia 10 pale katheta ilipo karibu.

Usiweke jeli, kitambaa kizito wala mfuko wa maji juu yake. Wapo wanaofanya hivyo ili kipimo kikubaliane na TG-43, na kweli kitakubaliana, kwa sababu utakuwa umerudisha mtawanyiko ambao mama hana. Unapima ngozi yake ilivyo. Leso nyepesi juu haina neno, ilimradi isilikandamize titi.

Piga picha ya mwisho kabla ya kutoka chumbani.

8. Tiba yenyewe.

Huna kazi kubwa hapa. Andika saa ya kuanza, muda wote wa chanzo, na nguvu za chanzo za siku hiyo. Mtazame mama kwenye kamera: akikohoa au akisogeza mkono, andika. Baada ya chanzo kurudi, subiri kipima-mionzi cha chumba kinyamaze, ingia na kipimo cha mkononi, ndipo uguse chochote.

Kabla ya kutoa, angalia kila filamu bado iko kwenye duara lake. Imeteleza? Pima imeteleza milimita ngapi na upande gani. Kisha toa polepole, ukishika ngozi kwa mkono mwingine. Hesabu tena. Vikiwa saba na ulianza na vinane, mwombe muuguzi akung'utie leso kabla mama hajaondoka. Kidonge cha TLD ni kidogo kuliko punje ya mchele na hupotea kirahisi kwenye mikunjo.

9. Soma.

Mikupuo miwili kwa siku lazima iachane angalau saa 6, kwa hiyo kwetu huwa ni saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Filamu inataka saa 24. Ukisubiri, mama atakuwa ameshapata mkupuo wa pili bila wewe kujua lolote. Hapa ndipo ule mkunjo wa saa 2 unapofanya kazi: saa nne unasoma, saa sita unamweleza daktari, saa nane unaendelea au unasimama. Kesho yake unasoma tena kwa mkunjo wa saa 24 ili uweke kwenye faili. Usisome baada ya saa 2 ukatumia mkunjo wa saa 24, kwani filamu huendelea kukolea na utapata dozi pungufu.

Chukua wastani wa eneo la mm 5 kwa 5 katikati. Acha mm 3 za kingoni, mkasi huziharibu. Kwa TLD, pasha nyuzi 100 kwa dakika 10 kwanza kuondoa mwanga dhaifu unaopotea upesi, soma, toa usuli wa vile vya kulinganishia, zidisha kwa namba ya masahihisho.

10. Linganisha.

Tofauti ni kipimo toa mpango, gawa kwa mpango. Tuseme dozi iliyoandikwa ni Gy 34 kwa mikupuo 10, yaani 3.4 kila mkupuo. Pointi ya kwanza mpango unasema 2.55, filamu inasoma 2.41. Hiyo ni asilimia 5.5 pungufu, ndivyo inavyotakiwa kuwa titi linapopakana na hewa. Pointi nyingine mpango unasema 1.90, filamu 2.35. Hiyo ni asilimia 24 juu. Ngozi ilikuwa mm 15 kutoka kwenye katheta. Kwa makadirio ya haraka, kusogea mm 1.5 tu kunatosha kuleta hayo, pengine zaidi kidogo kwa sababu katheta ni nyingi. Uvimbe mdogo au maji yaliyopungua ndani ya tundu la upasuaji huweza kufanya hivyo.

Mimi binafsi, hadi asilimia 10 naandika na kuendelea. Kati ya 10 na 20 natafuta sababu kabla ya mkupuo unaofuata. Zaidi ya 20, hasa juu, namwita daktari na mkuu wa fizikia, na mkupuo unasubiri. Hospitali yenu iweke mipaka yake kwa maandishi, lakini iwe na mipaka.

Mambo yakienda kombo

Pointi zote ziko chini kwa kiasi kilekile, zaidi ya asilimia 10. Hilo si tatizo la kubandika. Angalia nguvu za chanzo, tarehe kwenye kompyuta ya mpango na ya mashine, kanieneo, toleo la filamu, na kama umetumia mkunjo sahihi.

Pointi moja tu iko mbali, nyingine ni sawa. Mahali. Angalia picha uliyopiga kabla ya tiba, tazama kama filamu ina upande uliokolea. Ikikolea kuelekea katheta, hesabu dozi ya kingo ile. Mara nyingi utakuta inalingana na mpango kwa milimita chache za kusogea.

Pointi za juu ya titi ziko juu na za chini ziko chini, au kinyume. Uliza mkono ulikuwa wapi. Kama haukuwa mkono, omba CT mpya, maana huenda katheta zimesogea zote pamoja. Angalia vifungo vyake kwenye ngozi.

Filamu na TLD hazikubaliani, filamu iko chini. Kagua kwanza mkunjo wa TLD juu ya Gy 1, kisha kama vidonge vilichomwa nyuzi 400 baada ya matumizi ya mwisho. Kidonge kisichochomwa hubeba dozi ya mgonjwa wa jana.

Filamu ya kulinganishia imekolea. Imeona jua au joto. Kwenye chumba chenye dirisha la mashariki, nusu saa juu ya meza inatosha kukuharibia kazi. Sogeza bahasha.

Plasta imebandua ngozi. Acha kupima kwenye pointi hiyo, mwambie daktari, na usihamie sentimita moja pembeni ukajifanya ni palepale. Andika kwamba mikupuo iliyobaki haikupimwa na sababu yake.

Umehakikisha kila kitu na dozi kweli iko juu ya kikomo. Huo si mjadala wa kwenye korido tena. Daktari anaamua kama mpango ubadilishwe, katheta iliyo karibu na ngozi ipunguziwe muda au ifungwe kabisa, na mama anaambiwa na daktari wake, kwa lugha anayoielewa, siku hiyohiyo. Kama dozi imeshatolewa kimakosa, fuata utaratibu wa hospitali wa kuripoti na masharti ya leseni yenu kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA. Filamu yenyewe usiitupe: iweke kwenye bahasha, andika tarehe, mkupuo na pointi, ifungwe kwenye faili pamoja na picha. Mama atarudi kliniki miezi sita baadaye, daktari ataona wekundu mahali fulani, na atakuja kukuuliza pale ilikuwa Gy ngapi.